SHA yalipa kitanda, nani atalipia huduma njema?

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF, mazungumzo katika vijiwe vyetu, kuanzia Mtongwe hadi Bamburi, yamekuwa ni yale yale. Je, nimesajiliwa? Je, pesa nilizolipa zimeonekana? Je, hospitali ile yawapokea watu wa SHA? Ni maswali ya haki, na anayeuliza ana sababu. Lakini liko swali jengine ambalo bado halijapata nafasi yake: pesa hizo zikishafika hospitalini, zalipia nini hasa?

Jibu fupi ni kwamba zalipia kazi iliyofanywa. Hazilipii kazi iliyofanywa vizuri.

Chukua mfano wa uzazi. Mama akijifungua kwa njia ya kawaida, kituo hulipwa shilingi 10,000. Akijifungua kwa upasuaji, hospitali hulipwa shilingi 30,000. Mgonjwa akilazwa kwa maradhi mengine, malipo huhesabiwa kwa siku za kitandani, kulingana na ngazi ya hospitali. Sasa fikiria kina mama wawili. Wa kwanza alipimwa presha kila baada ya muda, mapigo ya moyo wa mtoto yakasikilizwa, akazungumzishwa kwa heshima na baada ya kujifungua akaangaliwa asije akavuja damu. Wa pili aliachwa peke yake mpaka kichwa cha mtoto kikaonekana, na alipolia akaambiwa asiwasumbue watu. Kwa daftari la SHA wawili hao ni sawa. Kila mmoja ni shilingi 10,000.

Rai yangu katika makala haya ni kwamba hali hii yafaa kubadilishwa, na kwamba malipo ya vituo vya afya yafungamanishwe na ubora wa huduma. Lakini jambo hili likifanywa kwa pupa, watakaoumia kwanza ni wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe. Kwa hivyo tulipime kabla hatujalishangilia.

Kila malipo yana tabia yake

Yeyote aliyewahi kuajiri fundi ajua kwamba namna unavyomlipa mtu hubadilisha namna anavyofanya kazi. Fundi wa kibarua cha siku hana haraka. Fundi wa mkataba ana haraka mno. Hospitali nazo ni vivyo hivyo, na historia yetu imejaa mifano.

NHIF iliyoundwa mwaka 1966 ilijulikana kwa miaka mingi kama bima ya kitanda. Ulilazwa, ukahesabiwa siku. Malipo ya namna hiyo hayampi mtu sababu ya kumtibu mgonjwa akiwa bado anatembea, wala ya kumruhusu mapema. Baadaye ulikuja mpango wa malipo kwa kichwa kwa wagonjwa wasiolazwa. Mwanachama alichagua kituo, na kituo kikalipwa kwa ajili yake, aje asije. Hapo faida ikawa ni kutoa kidogo. Wengi wetu twaikumbuka kauli ya dirishani: dawa hiyo hatuna, kanunue nje. Upande wa uzazi, serikali ilitangaza mnamo Juni 2013 kwamba kina mama wajifungue bure katika vituo vya umma, kisha mpango huo ukahamishiwa NHIF kwa jina la Linda Mama. Kina mama wengi zaidi wakaenda hospitalini, jambo la kushukuriwa, lakini vitanda na wauguzi havikuongezeka kwa kasi hiyo hiyo.

Sasa tuko na SHA, na tabia za malipo zimeanza kujionyesha. Mnamo Agosti 2025, Wizara ya Afya chini ya Waziri Aden Duale ilisimamisha vituo kadhaa nchini kwa tuhuma za udanganyifu. Makosa yaliyotajwa yafaa kusomwa kwa makini: mgonjwa wa kuondoka siku hiyo hiyo kuandikwa kuwa amelazwa, huduma rahisi kudaiwa kwa bei ya huduma ghali, na madai ya matibabu ambayo hayakufanyika. Ni wizi, na mwizi achukuliwe hatua. Lakini tazama pia wizi huo ulipoelekea. Ulifuata mkondo wa malipo. Pesa ziko kwenye kitanda, basi kila mtu akawekwa kitandani, ijapokuwa kwa karatasi tu.

Na tofauti ya shilingi 20,000 kati ya uzazi wa kawaida na wa upasuaji? Upasuaji una gharama zake za kweli: chumba, dawa ya usingizi, damu, daktari. Siwezi kusema kila upasuaji unaofanywa ni wa kutafuta pesa, na ziko roho nyingi za kina mama na watoto zilizookolewa na kisu. Lakini pale ambapo hakuna anayeuliza kama upasuaji ulihitajika, tofauti hiyo hubaki ni kishawishi, hasa katika kliniki ndogo za binafsi zilizojaa mitaani kwetu.

Bara ya Mombasa na hesabu zake

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti ya Mombasa. Kati yao, Mvita, yaani kisiwani, walikuwa 154,171 tu. Waliobaki, zaidi ya milioni moja, waishi bara: Kisauni 291,930, Likoni 250,358, Nyali 216,577, Jomvu 163,415 na Changamwe 131,882. Ilhali hospitali kubwa ya rufaa ya eneo zima, Hospitali Kuu ya Pwani ambayo wengi bado twaiita Makadara, iko kisiwani.

Maana yake ni kwamba kwa mkazi wa bara, ubora wa huduma huanza na umbali. Mama wa Shika Adabu aliyepatwa na kifafa cha mimba, kituo cha karibu kikishindwa, atategemea feri ya Likoni, au azungushwe kwa barabara ya Dongo Kundu. Wa Utange atategemea foleni ya daraja la Nyali. Wa Chaani atashindana na malori ya bandarini hadi Makupa. Hospitali za kaunti ndogo kama Likoni na Port Reitz, pamoja na vituo vya afya na zahanati za mitaani, ndizo ngome yetu ya kwanza. Ngome hiyo ikifanya kazi vizuri, feri haihitajiki. Ikifanya vibaya, feri huwa imechelewa tayari.

Hapa ndipo pana hatari ya kufungamanisha malipo na ubora bila kufikiri. Ukisema kituo chenye alama za juu kilipwe zaidi, na kile cha alama za chini kipunguziwe, utampa aliye nacho na kumnyang'anya asiye nacho. Zahanati inayohudumia mtaa wenye watu wengi, yenye wauguzi wawili na maji ya kubebwa kwa mitungi, haitashindana na hospitali yenye jenereta na maabara. Itaanguka mtihani, itapunguziwa pesa, na mwaka ujao itaanguka zaidi. Mwisho wa safari ni mlango kufungwa, na mgonjwa yule yule kurudi kwenye foleni ya feri.

Waliotutangulia walipata nini

Jambo hili si geni Afrika Mashariki, wala hatuhitaji kubahatisha.

Rwanda ilianza na majaribio katika baadhi ya wilaya, kisha mwaka 2006 ikasambaza nchi nzima mpango wa kuvilipa vituo nyongeza kwa huduma zilizofanywa, huku malipo yakipandishwa au kushushwa kulingana na alama za ubora. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 katika jarida la Lancet ulionyesha kwamba uzazi katika vituo vya afya uliongezeka kwa asilimia 23 kutokana na mpango huo, na ubora wa kliniki za wajawazito ukapanda. Lakini idadi ya kina mama waliokamilisha kliniki 4 haikubadilika, wala ya watoto waliomaliza chanjo. Sababu si ngumu kuiona. Wahudumu walijitahidi zaidi pale ambapo malipo yalikuwa makubwa na ambapo kazi ilikuwa mikononi mwao. Kumfuata mama nyumbani arudi mara ya nne si kazi ya mtu aliyeketi kituoni.

Tanzania ilijaribu mpango wake wa malipo kwa ufanisi katika mkoa wa Pwani kuanzia mwaka 2011. Kila miezi 6 vituo vilipimwa kwa malengo yaliyowekwa, na nyongeza ikagawanywa baina ya wafanyakazi na mahitaji ya kituo. Tathmini iliyofanywa na Taasisi ya Afya ya Ifakara pamoja na wenzao wa London ilionyesha uzazi vituoni ukiongezeka kwa takriban alama 8 za asilimia, na wajawazito wengi zaidi wakipewa dawa ya kujikinga na malaria. Lakini watafiti waligundua pia lile tunaloliogopa: mwanzoni, vituo vilivyokuwa na hali nzuri ndivyo vilivyovuna pesa nyingi zaidi, na pengo hilo likapungua polepole baadaye.

Hata hapa Kenya, kaunti ya Samburu ilianza majaribio ya malipo kwa matokeo mwaka 2011. Na kabla ya hapo, mwaka 2006, ulikuwepo mpango wa vocha za uzazi katika maeneo kama Kisumu, Kitui na Kiambu, ambao baadaye ulifika kwa jirani zetu wa Kilifi. Mama alinunua kadi kwa shilingi 200, akachagua kituo kilichokubaliwa, na kituo kikalipwa baada ya kumhudumia. Mama mwenye kadi alikuwa na uwezo wa kwenda kwengine asipoheshimiwa.

Kilifi vile vile ilihusika katika jaribio jengine ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lenye somo kubwa zaidi kwetu. Katika kaunti za Kilifi, Kakamega na Meru, vituo 1,348 vya umma na vya binafsi viliingizwa katika utafiti wa ukaguzi wa usalama wa wagonjwa. Baadhi vilikaguliwa kwa orodha moja ya maswali, vikapewa alama, na vilivyofanya vibaya vikapewa muda wa kujirekebisha ama hatua zichukuliwe. Vilivyokaguliwa viliimarika kuliko ambavyo havikukaguliwa, na baadhi ya wagonjwa wakahama kutoka vituo vya binafsi kwenda vya umma bila ya gharama zao kuongezeka. Kwa hivyo hata kabla ya nyongeza ya pesa, ukaguzi wa kweli peke yake una kazi yake. Asiyeangaliwa hulegea.

Neno la wauguzi na madaktari

Najua wahudumu wa afya wakisoma kichwa cha makala haya watauliza: mbona tena sisi? Na wana haki. Kati ya Desemba 2016 na Machi 2017 madaktari waligoma siku 100. Wauguzi wakafuata mwaka huo huo kwa takriban miezi 5. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na moja ya sababu ilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi, ambayo serikali ilitaka yawe shilingi 70,000 badala ya 206,000 zilizokubaliwa mwaka 2017. Mtu ambaye mshahara wake wa msingi hauna uhakika, ukimwambia sasa tutakulipa kwa alama, atakuona wamfanyia mzaha.

Ndiyo maana yafaa tutenganishe mambo mawili. Mshahara ni haki ya mfanyakazi na usiguswe. Kinachofaa kufungamanishwa na ubora ni sehemu ya pesa ambazo SHA yakilipa kituo, tena juu ya malipo ya kawaida. Nesi wa zamu ya usiku mwenye wodi nzima peke yake hawezi kuadhibiwa kwa sababu glovu zimekwisha. Ubora una wenyewe wengi: aliyechelewesha dawa, aliyekosa kuajiri, aliyekula pesa za jenereta. Kumbebesha nesi peke yake ni kumwonea.

Lakini na sisi wagonjwa tuna neno letu. Utafiti wa mradi wa Heshima, uliofanywa katika vituo 13 hapa Kenya, ulikuta mwanamke 1 kati ya 5 akisema alidhalilishwa kwa namna moja au nyengine wakati wa kujifungua. Na mnamo Machi 2018 Mahakama Kuu kule Bungoma ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5 mama aliyejifungulia sakafuni hospitalini na kisha akapigwa. Upungufu wa glovu hauelezi kofi. Kipengele cha 43 cha Katiba chatupa haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na kauli njema haihitaji bajeti.

Nini kifanyike

Kwanza, SHA ilipe kwa wakati. Hakuna mpango wa ubora utakaosimama iwapo hospitali yangoja malipo ya huduma iliyotoa miezi kadhaa nyuma. Nyongeza inayochelewa haimsukumi mtu kufanya lolote, na mwenye duka la dawa hakubali ahadi.

Pili, kila kituo kishindane na jana yake, si na jirani yake. Zahanati ya Mtongwe ipimwe kwa hatua iliyopiga tangu ukaguzi uliopita. Kituo kilichotoka alama 30 hadi 50 kimefanya kazi kubwa kuliko kilichokaa 80 miaka miwili. Na kabla ya kipimo cha kwanza, vituo vya chini vipewe vifaa vya kuanzia, kwani huwezi kumpima mtu kwa mtihani ambao hukumpa kitabu chake.

Tatu, vipimo viwe vichache na viwe vya mambo yaliyo mikononi mwa kituo. Je, mama mwenye dalili za hatari alipimwa presha na kupewa rufaa bila kuchelewa? Je, gari la wagonjwa liliitwa saa ngapi na likafika saa ngapi? Je, dawa muhimu zilikuwepo? Je, mgonjwa wa kisukari alirudi na kupimwa sukari? Tusipime idadi ya vifo peke yake, maana kituo kitajifunza kuwakwepa wagonjwa mahututi na kuwasukuma feri ili daftari libaki safi. Rufaa iliyofanywa mapema na kwa utaratibu ihesabiwe kuwa ni kazi njema, na iliyofanywa kumtupa mgonjwa ihesabiwe kosa.

Nne, sauti ya mgonjwa iwe sehemu ya alama. Tayari tuna wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali iliwazindua upya Septemba 2023, zaidi ya 100,000 nchini, kwa marupurupu ya shilingi 5,000 kwa mwezi yanayochangwa nusu kwa nusu na serikali kuu na kaunti. Wanaingia nyumbani kwetu na wanazungumza lugha zetu. Wanaweza kumuuliza mama aliyejifungua mwezi uliopita maswali matano tu: uliheshimiwa, ulielezwa, ulifichwa utupu wako, uliombwa pesa, ungerudi? Majibu yakusanywe bila jina na yasipitie mikononi mwa kituo kinachopimwa.

Tano, alama zibandikwe mlangoni, kwa Kiswahili, ambapo kila mtu atazisoma. Hoteli hupimwa nyota na matatu hubandikwa stika ya ukaguzi. Kwa nini chumba cha kujifungulia kiwe ni siri?

Sheria zipo za kuanzia. Zile zilizotiwa saini Oktoba 2023 zimeipa SHA uwezo wa kuingia mikataba na vituo, na zimeruhusu vituo vya umma kubaki na pesa vinazokusanya badala ya kuzipeleka zote katika hazina ya kaunti. Maana ya hili la pili ni kubwa. Zamani kituo kilipofanya vizuri, pesa zilikwenda kwengine. Sasa kituo cha Likoni au Kisauni kikipata nyongeza, kamati yake ya usimamizi yaweza kununua tangi la maji, kulipa kibarua wa maabara au kurekebisha taa za wodi. Lakini kamati hizo lazima ziwe na wakazi wanaojua kusoma hesabu na wasioogopa kuuliza, si jamaa za wanasiasa waliopewa viti kama shukrani za kura.

Kaunti ya Mombasa haihitaji kungoja Nairobi iandike kila kitu. Yaweza kuanza na vituo vichache vya bara, viwili kila upande, kwa mwaka mmoja, kwa ukaguzi wa wazi na pesa kidogo za nyongeza, kisha matokeo yaletwe mbele ya bunge la kaunti na mbele yetu. Wawakilishi wadi wa Likoni, Kisauni na Changamwe, ambao kila msimu wa bajeti hutuambia wamepigania jengo jipya, wanaweza safari hii kupigania kitu ambacho hakina utepe wa kukatwa.

Na sisi tusibaki watazamaji. Kila mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, na mama mboga wa Kongowea halipi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Hizo ni pesa zetu, na mwenye pesa ana haki ya kuuliza amenunua nini. Mkutano ujao wa kukusanya maoni ya wananchi ukiitishwa mtaani kwako, kabla ya kuuliza barabara itawekwa lami lini, uliza hili: kituo chetu cha afya kilipata alama ngapi mwaka jana, na nani alikikagua? Wakikosa jibu, basi utakuwa umelijua jibu.